Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mfupa wa Taya Baada ya Jino Kung'olewa

Ndugu wanachama,

Masuala ya ada na matumizi yamo katika taarifa ya mweka hazina. Naomba kutumia nafasi yangu kwa jambo lililotawala vikao vyetu vya mwaka huu, Mtwara na Lindi, nalo ni mfupa unaopotea mara jino linapotoka.

Mgonjwa wa Newala au Tandahimba hung'oa jino maumivu yanapomzidi, kisha huahirisha suala la pengo hadi fedha za korosho ziingie. Mfupa hausubiri mnada. Ukuta wa nje wa tundu, yaani shimo la mfupa lililoshika mzizi wa jino, ambao kwenye meno ya mbele ya juu mara nyingi haufiki unene wa milimita 1, hupata sehemu ya damu yake kupitia nyuzi zinazoushikilia mzizi, na nyuzi hizo zikiondoka na jino, ukuta huanza kumomonyoka. Ndani ya miezi 6 upana wa taya mahali hapo hupungua kwa wastani wa milimita 3 hadi 4, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Anayerudi baada ya msimu kuulizia kipandikizi, yaani jino bandia linaloshikiliwa na skrubu ya titani ndani ya mfupa, huweza kukuta skrubu hiyo haina pa kushika.

Ndiyo maana tumesisitiza ung'oaji wa upole: kuzikata nyuzi taratibu, kuitenganisha mizizi ya gego na kuitoa mmoja mmoja, na kutoifumua fizi pasipo ulazima. Kwangu mimi, subira hiyo ina thamani kuliko kifaa chochote tutakachonunua. Mgonjwa akimudu gharama, tundu husafishwa, hujazwa chembechembe za mfupa, hufunikwa kwa utando na kuachwa miezi 4 hadi 6. Hatua hiyo hupunguza upotevu, haiuondoi wote, na mvutaji sigara aelezwe mapema kwamba hupona kwa shida zaidi.

Chembechembe nyingi hutokana na ng'ombe, lakini baadhi ya tando hutokana na nguruwe. Katika mikoa yetu yenye Waislamu wengi, mgonjwa aambiwe asili ya chembechembe na utando kabla hajachomwa ganzi, si baada ya kushonwa. Tando za ng'ombe zipo. Tumuulize msambazaji, na jibu liandikwe kwenye faili.

Kamati inapendekeza kwamba fomu yetu ya rufaa kwenda Dar es Salaam ionyeshe tarehe jino lilipong'olewa, hali ya ukuta wa nje, na iwapo mgonjwa anakusudia kuwekewa kipandikizi. Rasimu mmegawiwa pamoja na taarifa hii, nanyi mtaipigia kura leo.