Kwa wanaoanza kupanda ndani

Habari za jioni wapendwa. Wale wa ghorofani mmeuliza sana, basi anzeni na visivyosumbua: vitunguu majani, mnanaa na giligilani. Nyanya na hoho ziacheni kwanza, zinataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku.

Vitunguu majani msinunue mbegu. Fungu la sokoni linatosha: tumia majani, bakiza sehemu nyeupe kama vidole viwili pamoja na mizizi, chomeka kwenye udongo. Wiki haiishi utaona kijani. Mnanaa kata kijiti, ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji dirishani mpaka kitoe mizizi. Giligilani pondeni punje kidogo tu zipasuke mbili, na mpande pale pale zitakapokulia. Miche yake haipendi kuhamishwa.

Kopo lolote linafaa, hata la majarini, ila litobolewe chini. Tafadhali! Maji yakituama mizizi inaoza. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole; ukikuta unyevu, acha.

Jumamosi naleta samadi iliyokwisha kuoza. Anayetaka aandike jina hapa kabla ya Alhamisi, aje na kiroba chake.