Geuza Mfuko Usome Mgongoni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuarifu kwamba mimi sijambo. Wasiwasi ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Barua yako nimeipata, pamoja na picha nne za ile mifuko miwili ya chakula cha mbwa, mbele na nyuma. Swali lako nimelielewa: kati ya mfuko wa buluu wenye picha ya paja la kuku na mfuko wa kahawia usio na pambo lolote, ni upi umnunulie huyo mbwa wako wa miezi minne ambaye, kwa unene wa miguu yake, hapana shaka atapita kilo 40 akikomaa? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nizikokotoe tarakimu zilizoandikwa nyuma. Zaidi ya hayo, nakiri kwamba miaka michache iliyopita ningekujibu papo hapo, na ningekujibu vibaya.

Wakati huo nilikuwa na kanuni moja tu, nayo ni kwamba nyama sharti iwe ya kwanza katika orodha ya viambato. Kanuni hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa sheria huwataka watengenezaji wavipange viambato kwa uzito, kizito kabisa kikitangulia. Ila uzito huo hupimwa kabla ya kupika, na kuku mbichi ni maji kwa takriban asilimia 70. Chukua mchanganyiko wa kilo 100 wenye kilo 30 za kuku mbichi, kilo 20 za mahindi, kilo 18 za mchele na kilo 15 za njegere. Kuku atatajwa wa kwanza kwa haki kabisa, lakini maji yakishakauka mtamboni zitabaki kilo tisa hivi za kuku, ilhali mahindi, ambayo tangu mwanzo yalikuwa makavu, yatabaki na kilo zisizopungua 17. Aliyetangulia kwenye orodha huwa wa nne ndani ya bakuli.

Sasa tazama mfuko wa kahawia, ambao uliuita wa kimaskini kwa kuwa unaanza na mahindi na unataja unga wa kuku katika nafasi ya pili. Unga huo ni kuku aliyekwisha kupikwa, akakamuliwa mafuta, akakaushwa na kusagwa, na protini yake huwa karibu theluthi mbili ya uzito wake. Unga wa kuku katika nafasi ya pili unaweza kabisa kuleta nyama nyingi kuliko kuku mbichi katika nafasi ya kwanza. Orodha ya mfuko wa buluu, kwa upande wake, ina njegere, wanga wa njegere, protini ya njegere na nyuzinyuzi za njegere, kila kimoja kwa jina lake. Ukivijumlisha vyote vinne, sitashangaa vikimpita kuku. Mbinu hii ya kukigawa kiambato kimoja vipande vipande ili kila kipande kishuke kwenye orodha ni halali, na hutumika hata kwa mahindi na mchele, kwa hiyo izoee.

Umeuliza pia kuhusu maneno yale ya mbele ya mfuko wa buluu, «chenye kuku halisi». Neno «chenye» lina kipimo chake. Kwa kanuni zinazofuatwa Marekani, chakula kinachoitwa kwa jina la nyama peke yake, kwa mfano «Kuku kwa Mbwa», sharti kiwe na nyama hiyo kwa asilimia 95 bila kuhesabu maji yaliyoongezwa. Kikiitwa «mlo wa kuku», asilimia 25 zinatosha. Kikisema «chenye kuku», asilimia 3 zinatosha. Kikisema «ladha ya kuku» hakuna kiwango kabisa, mradi ladha hiyo iweze kutambulika. Lile paja lililochorwa kwenye mfuko wa buluu, basi, kwa maneno hayo halihakikishi zaidi ya asilimia 3. Maneno ya sifa, kama vile «daraja la juu», hayana hata kipimo hicho kidogo.

Jambo lililokutia kinyaa katika mfuko wa kahawia, yaani maini, figo, bandama na mapafu, mimi limenipendeza. Nilikuwa kama wewe, nikidhani ni uchafu unaofichwa ndani ya chakula cha wanyama wasioweza kulalamika. Mpe mbwa mzoga mzima uone anaanzia wapi: ataanzia tumboni. Ini lina vitamini A, shaba na chuma kwa wingi ambao mnofu wa kifua hauukaribii. Cha kuogopa hasa ni kiambato kisichotajwa mnyama wake, kama vile «unga wa nyama» au «mafuta ya wanyama», kwa sababu mtengenezaji anayeandika hivyo amejiachia nafasi ya kubadili mnyama kila bei ya malighafi inapobadilika, na mbwa mwenye mzio wa nyama fulani hana kinga hapo.

Nije kwenye tarakimu. Umeandika kwamba chakula cha kopo ulichowahi kukiona kina protini asilimia 9, ukastaajabu kwa nini kinasifiwa wakati hii mifuko ina 24 na 26. Ni maji tena. Kopo lenye unyevu wa asilimia 78 lina vitu vikavu asilimia 22 tu. Gawanya 9 kwa 22 utapata protini karibu asilimia 41 ya vitu vikavu. Mfuko wa kahawia, wenye protini 24 na unyevu 10, ukigawanya 24 kwa 90 unakupa karibu 27. Bila kuondoa maji kwanza, hakuna vyakula viwili vinavyolinganishika. Wanga kwa kawaida hauandikwi, lakini unaweza kuukisia: toa kwenye 100 protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu, yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa. Kwa mfuko wa kahawia nimepata kama 43. Usitishike. Mbwa si mbwamwitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya kinachoyeyusha wanga, matokeo ya karne nyingi za kuishi karibu na majiko yetu. Wanga uliopikwa vizuri humeng'enywa na mbwa bila taabu.

Hata hivyo, usiiabudu ile protini. Neno «ghafi» linaloambatana nayo lina maana nzito, kwani maabara haipimi protini yenyewe; hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi mnofu na manyoya ya kuku wala ngozi ya mkanda, na mwaka 2007 udhaifu huo uliua. Gluteni ya ngano, yaani protini inayotolewa kwenye unga wa ngano, iliyotoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, ili ionekane ina protini nyingi. Gluteni hiyo iliingia katika vyakula vya chapa nyingi Amerika ya Kaskazini. Melamini ilipokutana na asidi ya sianuriki, kemikali nyingine iliyokuwamo humo, iliunda fuwele ndani ya figo za mbwa na paka, na wengi wakafa kabla chanzo hakijajulikana. Kila mfuko ulikuwa na tarakimu nzuri. Tangu niliposoma habari hiyo, nikiona asilimia kubwa ya protini najiuliza kwanza inatoka kwenye kitu gani.

Kuhusu fahari ya mfuko wa buluu ya kutokuwa na nafaka, nitasema kwa uangalifu. Mnamo Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo, ule ambao misuli ya moyo hutanuka na kulegea, huku wengi wao wakiwa wanakula vyakula visivyo na nafaka vyenye njegere, dengu au viazi kwa wingi. Sababu hasa haikuthibitishwa, na mwishoni mwa 2022 mamlaka hiyo ilisema haitatoa taarifa nyingine mpaka upatikane ushahidi mpya wa maana. Siwezi kukuambia kwamba njegere ni sumu. Naweza kukuambia kwamba nafaka yenyewe haikuwa imemkosea mbwa jambo lolote: mzio wa chakula kwa mbwa mara nyingi zaidi hutokana na nyama ya ng'ombe, maziwa au kuku. Kwa hiyo mfuko wa buluu umemwondoa asiye na hatia na kumweka anayeshukiwa.

Hayo yote ni madogo mbele ya sentensi moja ambayo picha yako karibu iikate, kwa maandishi madogo kabisa chini ya jedwali. Ni tamko la utoshelevu, linaloeleza kwamba chakula hicho ni kamili, kina uwiano, na ni cha mbwa wa umri gani. Marekani tamko hilo hufuata viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, na Ulaya kuna miongozo ya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula hivyo. Ufahamu kwamba AAFCO haipimi wala haiidhinishi chakula chochote. Huweka viwango tu, na mtengenezaji ndiye anayetamka kwamba amevifikia. Kuna njia mbili za kuvifikia. Ya kwanza ni kuonyesha kwa hesabu au kwa vipimo vya maabara kwamba virutubishi vimetimia. Ya pili ni kuwalisha mbwa wenyewe, na kwa mbwa wazima jaribio hilo huchukua wiki 26, huanza na mbwa wasiopungua wanane, na sita kati yao lazima walimalize wakiwa na afya. Jaribio la mbwa wanane si kubwa, lakini angalau kuna mtu aliyeuona mlo huo ukiliwa.

Mfuko wa buluu unasema ni kwa ajili ya mbwa wazima. Ningeweza kuianza na kuimaliza barua hii kwa sentensi hiyo, kwa sababu mbwa wako si mzima. Mbwa anayekua huhitaji protini isiyopungua asilimia 22.5 ya vitu vikavu, ilhali mzima hutosheka na 18, na kalsiamu yake ni suala la kuangaliwa kwa makini zaidi. Mtoto wa mbwa mwenye umbo kubwa hawezi kuzuia vizuri kalsiamu inayopita kutoka utumboni kwenda mwilini. Ikizidi, mifupa yake hukua kombo. Ndiyo maana kwa mbwa watakaofikia kilo 32 au zaidi kiwango chake kwenye vitu vikavu kimewekewa sakafu ya asilimia 1.2 na dari ya 1.8. Mfuko wa kahawia unasema waziwazi kwamba unafaa kwa ukuaji, wakiwemo mbwa wa umbo kubwa, na kalsiamu yake ya 1.3, nikiondoa unyevu, inakuwa kama 1.44. Mfuko wa buluu unasema kalsiamu haipungui 0.9, bila kusema haizidi ngapi.

Yapo mambo ambayo mfuko wowote hauwezi kukuambia, kwa hiyo waandikie watengenezaji. Waulize nani aliyeutunga mlo huo na ana elimu gani ya lishe ya wanyama, wanatengeneza katika kiwanda chao au cha kukodi, na kama kila shehena ya nafaka hupimwa sumukuvu. Swali la mwisho si la anasa. Mwishoni mwa 2020 makumi ya mbwa walikufa Marekani kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula kikavu, na joto la mtambo haliiondoi sumu hiyo ikishakuwamo. Kampuni moja niliyowahi kuiandikia ilinijibu kwa aya tatu za upendo kwa wanyama bila tarakimu hata moja. Sikununua tena kwao.

Nunua wa kahawia. Uanze kwa robo ukichanganya na chakula alichozoea, uongeze pole pole kwa siku 7 hadi 10, la sivyo ataharisha nawe utaulaumu mfuko bure. Usikimwage chakula chote kwenye ndoo ukautupa mfuko, kwa maana namba ya shehena imeandikwa hapo na utaihitaji siku bidhaa ikiondolewa sokoni. Uweke mfuko mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na joto, mafuta yasichache. Mpime uzito kila wiki, umpapase mbavu: uzihisi kwa vidole bila kuzitafuta. Mbwa wa umbo kubwa akuzwe taratibu, asinenepeshwe. Kinyesi chake kikiwa kigumu kiasi na kidogo, chakula kinameng'enywa. Kikiwa kingi na laini kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari wa mifugo, kisha uniandikie.

Na ukiwaandikia wale wa mfuko wa buluu kuwauliza kiwango cha juu cha kalsiamu, nakuomba unitumie nakala ya jibu lao.

Ni mimi rafikiyo wa daima.