Barua kwa mpwa wangu anayeandika riwaya ya nguva

Mpwa wangu mpenzi,

Sura ulizonitumia nimezisoma zote, nyingine nimezirudia. Nakujibu hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako. Vijana wengi wanaandika hadithi za ajabu kwa Kiswahili sasa, jambo linalonifurahisha sana, na wengi wanakwama hapo hapo ulipokwama wewe.

Kuandika unaweza. Msichana wako wa miaka kumi na sita namwona na kumsikia, na ule ukimya wake mbele ya babake, kila aliyelelewa nyumba ya mvuvi ataujua. Kinachonikera ni nguva wako. Wana nywele nyekundu, wanakaa juu ya miamba yenye ukungu, wanaimba mpaka meli zinavunjika. Kisha usiku mmoja wanakivamia kisiwa, na sababu uliyotoa ni kwamba ni waovu. Mwishoni malkia wao anachomwa mkuki na kijiji kizima kinacheza ngoma. Nilipofika hapo niliumia, kwa sababu umezaliwa kwenye pwani ambako nguva wapo kweli, na wana kesi nzito kuliko malkia yeyote wa kubuni.

Mfikirie mnyama mwenyewe kwanza. Nguva hufika urefu wa mita tatu na uzito wa kilo mia nne na zaidi. Anakula majani yanayoota chini ya bahari, kwenye maji mafupi, na anapopita analisha huacha michirizi mchangani. Mnyama huyo mkubwa anapumua hewa kama mimi na wewe. Kila baada ya dakika chache lazima atoe pua juu ya maji. Chuchu zake ziko chini ya makwapa, na mtoto hunyonya akiwa ubavuni mwa mama. Anabeba mimba miezi kumi na tatu hivi, anazaa mtoto mmoja, na huenda ikapita miaka mitatu mpaka saba kabla hajazaa tena. Sasa weka jarife, ule wavu wa matundu makubwa, kwenye maji hayo usiku. Nguva akinasa hawezi kupanda kuvuta pumzi, na anakufa maji.

Umeona? Riwaya yako yote inasimulia nguva wanaozamisha watu. Baharini kwetu mambo yako kinyume, na humo ndimo ilimo hadithi yako. Mwezi Desemba 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Waliokomaa hawafiki 250 kwa pwani yote hii. Kundi la kutegemewa limebaki Msumbiji, kwenye visiwa vya Bazaruto. Upande wetu wa Tanzania, eneo ambalo bado wanatajwa ni lile la delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na mvuvi anaweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja.

Kwa hiyo nguva wako wakikivamia kisiwa, wape madai. Wawe wamekuja kudai kitu ambacho wanakijiji wanakijua na hawataki kukitaja. Hapo msomaji ataogopa kwelikweli, maana atakuwa anaogopa huku moyoni anajua kwamba wanaokuja wana haki.

Nguva anaweza kuishi mpaka miaka 70 hivi. Maana yake yule bibi kizee wa nguva unayemtaka, yule mwenye kumbukumbu, huhitaji kumpa umri wa miaka elfu. Aliyezaliwa miaka ya 1950 alinyonya kabla nyavu za nailoni hazijaenea, akawaona ndugu zake wakipungua msimu baada ya msimu. Na mpe hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Alikuwako jamaa yao mkubwa zaidi, wa mita nane, aliyeishi kwenye bahari ya baridi kaskazini, kati ya Urusi na Alaska. Mwaka 1741 mtaalamu wa viumbe aitwaye Georg Steller, ambaye chombo chake kilikuwa kimevunjika huko, alimwona na kumwandika. Wawindaji wakafuata, wakamla. Kufikia 1768 hakubaki hata mmoja. Miaka 27 tu. Hebu fikiria watoto wa nguva wakilala na kisa hicho kila usiku, kama sisi tulivyolala na visa vya mazimwi, ila zimwi la hadithi yao ni mtu mwenye chombo na njaa.

Sasa kisiwa. Hiyo ngome yako yenye theluji iache. Nenda Mafia, nenda kwenye vile visiwa vidogo vya kusini mashariki: Chole, Juani, Jibondo. Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska kwa mitumbwi mwanzoni mwa karne ya 19, watu wakachukuliwa utumwani. Ng'ambo, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, palikuwa na mji wa Kisimani, na sehemu kubwa ya Kisimani imeliwa na bahari. Wazee wanasimulia kwamba miji hiyo miwili ilikuwa na kisasi. Siku ya kushusha jahazi jipya, watu wa mji mmoja waliwalaza watoto wa mji wa pili mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Waliofiwa wakanyamaza kwa miaka. Kisha wakawaalika jirani zao harusini, wakawaingiza kwenye chumba cha chini ya ardhi, ngoma zikipigwa, na mlango ukajengwa ukazibwa.

Soma tena kisa hicho taratibu. Watoto walifanywa magogo ya kushushia chombo, na mji ukaja kumezwa na maji. Nani aliyatuma hayo maji? Wanahistoria watakueleza mmomonyoko, na ni kweli. Lakini wewe unaandika riwaya, una ruhusa ya kuuliza chombo kile kilipofika majini na damu ile, kilikutana na nani.

Huku kwetu pia kuna kiapo, na sijui kwa nini hukukitumia. Ilisimuliwa pwani kwamba mvuvi aliyemnasa nguva alipelekwa mbele ya wazee akaapishwa kwamba hakumkaribia kama mume anavyomkaribia mke. Umeshakuwa mtu mzima, nakuambia bila kuficha. Waliona mwili ule, matiti yale, wakaogopa kwamba ni binadamu au jamaa wa binadamu. Basi mpe baba wa msichana wako kiapo. Amwapie mzee wa kijiji kwamba alimkuta nguva na mtoto wake wameshakufa wavuni. Na msichana, aliyekuwa mashuani usiku ule akishika taa, anajua kwamba mtoto alikuwa hai. Hapo huna haja ya malkia mwovu. Una binti anayempenda babake, na bahari inayosubiri aseme.

Na vita yenyewe? Achana na mikuki. Jibondo hakina maji matamu ya kutosha, na kwa miaka mingi watu wake walivuka kwa vyombo kwenda kuchota visiwa vya jirani. Nguva wakikifunga kile kivuko, kijiji kinaanza kufa kiu kikiwa kimezungukwa na maji pande zote. Hakuna anayeumwa wala kuvutwa mguu. Vyombo vinageuzwa tu, kimoja baada ya kingine, na madumu yanarudi matupu. Siku ya tatu wanawake wanaanza kuhesabu vikombe. Siku ya tano mtu anauliza kwa sauti ni nani aliyeikosea bahari. Sura kama hiyo ningeisoma bila kuinua kichwa.

Wa kuvuta watu miguu yupo, ni chunusi, na wanakijiji wako wangemshuku yeye kwanza kabla ya nguva. Waache wakosee. Waite mganga, wachinje, wavukize ubani, siku zipotee. Ukitaka nguva wa kushawishi watu kwa mali, basi tazama Kongo: Lubumbashi, miaka ya 1970, picha za Mamba Muntu zilining'inizwa sebuleni, mwanamke nusu samaki anayemtajirisha mwanamume kwa masharti ya siri. Ni kiumbe mzuri sana kwa hadithi, lakini ni wa mito na maziwa ya bara, na tabia zake ni nyingine. Usimchanganye na hawa wa kwetu bila sababu.

Jambo la mwisho linahusu bahari yako, ambayo sasa hivi ni maji tu. Haina kupwa wala kujaa. Bamvua linapofika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mafia hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kule yanakotoka hubaki uwanja mkubwa wa majani na mawe ambao wanawake hutembea wakitafuta pweza. Hapo ndipo msichana wako ataiona ile michirizi ya malisho, mibichi, karibu na kijiji kuliko ilivyowahi kuwa. Na kesho yake iko karibu zaidi. Mtishe msomaji kwa michirizi kabla hujamwonyesha nguva hata mmoja. Weka kusi, maana wakati wa kusi vyombo vidogo hukaa pwani na watu wana muda wa kugombana. Watu wako wakalafati mashua, wapake shahamu, wajue majina ya pepo. Mvuvi anayesema "upepo ule mkali" hajawahi kuvua.

Najua utasema kwamba wasomaji wa umri wako wanataka mapigano, na kwamba mchapishaji atauliza malkia yuko wapi. Mwambie yupo. Ni yule mama aliyefiwa na mtoto wavuni, na anajitokeza mara tatu tu katika kitabu kizima. Mara ya kwanza ni wavuni. Mara ya pili ni kivukoni, mbele ya chombo cha baba wa msichana. Ya tatu nakuachia, maana sijui msichana wako ataamua nini, na nadhani nawe hujui bado.

Andika upya kuanzia usiku wa wavu. Zile sura za ngome zihifadhi mahali pengine, zina sentensi nzuri. Ukimaliza nitumie hata kama haijasafishwa. Na kabla hujaanza, mpigie bibi yako umuulize jinsi kiapo kilivyotamkwa alipokuwa msichana, maneno yenyewe na nani aliyeshika msahafu. Mpigie asubuhi, jioni huwa anachoka.

Mjomba wako