Makanisa yatangaze ibada, yasinadi miujiza

Ndugu Mhariri,

Mabango ya mikutano ya injili yanayotundikwa Kirumba na Igoma, yakiahidi ndoa, ajira na uponyaji, yananihuzunisha. Kutangaza saa na mahali pa ibada ni haki, kwa kuwa mgeni aliyehamia Mwanza anahitaji kuelekezwa. Lakini kumvuta mtu kwa ahadi ambazo mhubiri hana uwezo wa kuzitimiza ni kumdanganya mwenye shida. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki lililofungua misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, walipewa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, agizo la kumfundisha mtu miaka 4 kabla ya kumbatiza. Nawaomba viongozi wa makanisa fedha za mabango ziwafikie makatekista, yaani walimu wa dini, ambao wengi wanafundisha kwa kujitolea.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza