Mwanangu, kapteni akikosea mwambie

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mtwara hatujambo. Mgongo wa mama yako umetulia, mikorosho ya Naliendele imechanua vizuri na salfa tumeshapuliza. Barua hii nimempa dereva wa basi aifikishe kwa shangazi yako Gongo la Mboto pamoja na kifurushi. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini wewe nakujua, meseji ndefu huimalizi.

Shangazi yako ananiambia umeitwa kwenye usaili wa urubani msaidizi, zile ndege za pangaboi, na kwamba umejifungia chumbani na vitabu hadi chai inapoa. Soma, mama. Swali la V1 halikosekani, na jibu unalo: ni kasi ambayo ukishaipita, hata injini moja ikizima, hufungi breki tena, unaruka nayo. Hayo ya vitabu hayanipi hofu. Kuna jingine linanipa hofu na nitalifikia, ila kwanza univumilie. Mtu aliyestaafu kazi ya hali ya hewa ukimpa karatasi lazima aanze na mawingu.

Watakupa METAR, ile ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja cha ndege, uisome palepale. Wengi wanaisoma mbio kama kasuku, kisha wanaulizwa swali moja dogo wanakwama: huo upepo umepimwa kutoka kaskazini ipi? Ulioandikwa kwenye METAR ni kaskazini ya kweli, ile ya ncha ya dunia. Upepo ambao mwongoza ndege anakupa kwa redio kutoka mnarani ni wa kaskazini ya sumaku, ile inayoonyeshwa na dira, na namba ya njia ya kurukia nayo ni ya sumaku. Na saa za METAR ni za Zulu, yaani saa za dunia, UTC, kwa hiyo 0900Z kwetu ni saa sita mchana. Usiwe kama yule kijana wa zamu aliyeniandikia saa sita kwa Kiswahili kwenye fomu, ikabidi nirudi kazini na kanzu ya Ijumaa.

Wakija kwenye joto, usiishie kutaja namba. Hali sanifu usawa wa bahari ni nyuzi 15, na kila futi 1,000 unazopanda zinapungua kama 2. Haya, chukua Mtwara mchana wa Desemba, kipimajoto kinasoma 32. Tuko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo tumezidi kiwango kwa nyuzi kama 17. Sasa waeleze ndege inaumia vipi: hewa imekuwa nyepesi, bawa linabeba kidogo, pangaboi linashika hewa kidogo, injini inatoa nguvu kidogo, na barabara ya kurukia unaihitaji ndefu zaidi. Mtu anayeeleza hivyo anaonekana amewahi kukaa kwenye ndege yenyewe juani.

Wingu la radi pia. Usiseme "nitalikwepa" ukanyamaza. Sema umbali, maili 20 za baharini au zaidi likiwa kali, na sema unapita upande gani: ule upepo unakotokea. Ukiona hapapitiki, sema unarudi au unakwenda kiwanja kingine, na useme bila aibu. Unakumbuka kimbunga Kenneth, Aprili 2019? Tahadhari ilitolewa, watu wa Mtwara wakatakiwa watafute mahali salama, kisha kimbunga kikaingilia Cabo Delgado kule Msumbiji tarehe 25, sisi tukapata mvua tu. Mpaka leo watani zangu wakiniona Chikongola wanauliza, "Mzee, kimbunga chetu umekiweka wapi?" Nacheka nao. Kikija kingine nitawaambia wahame vilevile.

Sasa lile linalonipa hofu. Wewe ni mtoto mwenye adabu. Nyakanga alikufunda, bibi yako akaongeza, mama yako akamalizia: mkubwa akisema, kimya; mkubwa akikosea, utamwambia baadaye, faraghani, kwa kuzungukazunguka. Nyumbani nataka uwe hivyohivyo. Ila kwenye chumba cha marubani hakuna baadaye, na wale wasaili wanachokitafuta ni kujua kama binti mwenye saa chache za kuruka ataweza kumwambia mzee mwenye saa zake elfu kumi kwamba anakosea.

Ajali ya Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, umeisoma, lakini isome tena ukimtazama msaidizi. Tarehe 27 Machi 1977, ukungu, Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani, zikagongana kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Kapteni wa KLM aliposukuma injini mara ya kwanza, msaidizi wake alimwambia kwamba ruhusa hawajapewa. Aliposukuma mara ya pili, msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege ndiye aliyeuliza kama yule wa Pan Am hajatoka barabarani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ametoka, na mhandisi hakuendelea. Yule kapteni alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, nani ambishie? Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya DC-8 ya shirika la United ikaishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, kapteni akihangaika na magurudumu huku wenzake wakimtajia mafuta kwa upole mno. Wakafa 10. Hiyo CRM mnayofundishwa ninyi, yaani namna ya wafanyakazi wa ndege kushirikiana, imetokana na vifo kama hivyo, na neno kubwa humo ni kwamba mdogo aseme asikike.

Kwa hiyo jizoeze ngazi zake kwa sauti, mbele ya kioo, hata shangazi yako akidhani umerukwa na akili. Unaanza kwa kuuliza: "Kapteni, kiwango chetu cha kushukia ni futi ngapi?" Hakujibu, unatahadharisha: "Kapteni, tunapita chini ya kiwango." Bado, unapinga: "Kapteni, paa tuzunguke upya, sasa hivi." Bado, unashika usukani wewe na kutamka kwamba umeshika. Huko mtayasema kwa Kiingereza, najua, lakini yazoee kwanza kwa lugha uliyofundwa nayo adabu, maana ndiyo itakayokuziba mdomo. Kwenye jahazi la Mikindani baharia aliyekaa omo akiona mwamba anapiga kelele, na sijapata kusikia nahodha akimuuliza nani amekuruhusu kunipigia kelele.

Kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, usishangae anayekaa kiti cha kapteni akikosea makusudi. Anakupima. Naye akikusahihisha wewe, jibu "nimekosea, narekebisha", kisha endelea kurusha ndege. Usianze kujieleza.

Watakwambia pia uwaeleze siku uliyotofautiana na mkubwa wako. Wasimulie ile ya mafuta. Uliponihadithia mlicheka wewe na mama yako, mimi sikucheka. Umepanda kwenye bawa la Cessna, umetumbukiza kijiti ndani ya tangi, alama ya mafuta imeishia chini ya ile iliyoandikwa kwenye fomu. Mwalimu ana haraka, anakwambia yanatosha, kijiti chenyewe kibovu. Wewe ukamwambia, "Mwalimu, naomba tupime tena tukiwa wote wawili." Mkapima, mkaongeza mafuta, mkaondoka mmechelewa. Basi, hivyohivyo, kwa maneno yako yale. Jina la mwalimu usilitaje, la chuo usilitaje, na usijifanye shujaa. Wakikuuliza alikasirika, sema alikasirika.

Wanaweza kuigusa ajali ya ndege ya Bukoba, 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19. Rudia kilichoandikwa na wachunguzi na ukomee hapo. Marehemu wana watoto wao, na huko mezani huenda kuna aliyewahi kuruka nao.

Mambo madogo: leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza, kitabu cha saa zako kimejumlishwa kila ukurasa na hesabu zinakubaliana. Jumla ikipishana hata kwa nusu saa watakushika hapo. Kiingereza chako kipo juu ya kile kiwango cha nne kinachotakiwa, ila ukiwa na hofu unaongea mbio. Punguza. Kuhusu hijabu, mama yako anasema ile ya buluu, mimi simo.

Kwenye kifurushi kuna korosho kilo mbili za shangazi yako na ming'oko yako wewe. Ichemshe leo hii, ilishakaa siku nzima kwenye buti la basi.

Jumapili baada ya Magharibi nitakupigia, nikute umeshapiga hesabu hizi kichwani. Moja: njia ya kurukia ni 01, yaani nyuzi 010, mnara unakupa upepo nyuzi 040, noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, wa ubavu ni kiasi gani? Mbili: uko futi 35,000, unataka kufika usawa wa bahari kwa mteremko wa kawaida, unaanza kushuka umebakiza maili ngapi? Tatu, mimi nitakuwa kapteni wako na nitakwambia tutue ndani ya radi kwa sababu abiria wana harusi. Nitakuwa mkali kwelikweli, na mama yako atakuwa anasikiliza.

Baba yako