Mwanangu, weka chini hiyo bisibisi

Mwanangu,

Video uliyomtumia dada yako imenifikia. Injini ya hiyo trekta ya kale unayoifufua inalia vizuri. Moshi mweupe ulitoka mwanzoni, ukapungua, mlio ukatulia, na mama yako akaja kuniuliza nacheka nini peke yangu. Kisha nikairudia, safari hii sikusikiliza injini bali nikatazama uliposimama. Ulikuwa chini, katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma, umeinama, unaunganisha kwa bisibisi vyuma viwili vya stata, ile mota ya kuwashia injini. Cheche zikaruka, injini ikawaka, ukacheka. Mimi kicheko kikakatika.

Usifanye hivyo tena. Sikuambii upunguze, nakuambia uache.

Najua utajibu kwamba gia ilikuwa huru. Naamini ilikuwa huru siku hiyo. Lakini siku utakayokuwa na haraka, au mtu mwingine ameisogeza na kuiacha kwenye gia bila kukuambia, kinachotenganisha injini na magurudumu ni klachi tu, na klachi hukanyagwa na aliyeketi kwenye kiti. Stata ikizunguka gia ikiwa imeingia, trekta inaondoka papo hapo, na gurudumu kubwa linalokuja mbele ndilo lililo kando ya mgongo wako. Hakuna mtu mwenye mbio za kuikwepa hatua ile moja. Wala usiseme funguo ulikuwa nao mfukoni. Dizeli haihitaji cheche ili iwake. Ikipata mafuta na kugandamizwa, inawaka, funguo ziko wapi haiulizi.

Waliotengeneza mashine hizi waliliona hili mapema. Ferguson TE20, iliyotoka Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, haikuwa hata na kitufe cha stata. Mkono wenyewe wa gia ndio ulioiwasha: unausukuma mpaka kwenye herufi S, na ukiwa kwenye S hauwezi kuwa kwenye gia. Hiyo yako, Ferguson 35, iliyofuata mwaka 1956, ina mkono mdogo wa mwendo mkubwa na mdogo, na S iko katikati. Umeisugua trekta nzima mpaka herufi zikasomeka, kisha unaizunguka ile S kwa bisibisi! Ujanja huo uliuona wapi? Basi, najua ulikouona. Hiyo haiufanyi kuwa mzuri.

Stata isipoitika, trekta haina ukaidi, kuna mahali umeme unakwama. Anza na betri. Ikiwa imepumzika ionyeshe kama volti 12.6, na stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Kama betri ni nzima, nenda kwenye waya mnene unaofungwa kwenye bodi, yaani chuma chenyewe cha trekta. Hapa nina shaka nawe kabisa, kwa sababu umepaka rangi kila mahali, na rangi haipitishi umeme. Wanaofufua trekta za kale wengi hukwama hapo hapo: kabla ya rangi iliwaka, baada ya rangi haiwaki, wanalaumu stata. Fungua waya, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga tena. Halafu ndiyo uangalie swichi ya pale kwenye S, maana kile kidude kinachobonyezwa huliwa na kutu. Kibadilishe. Usimsikilize fundi atakayekuambia muunganishe waya zake moja kwa moja.

Angalia pia ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Trekta nyingi za Waingereza za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani na upande wa chanya ndio ulio kwenye bodi. Kama aliyekuwa nayo kabla yako aliweka alteneta, ile ya kuchaji betri, huenda aligeuza, huenda aligeuza nusu. Usikisie.

Sasa hiyo gasketi ya silinda hedi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Dada yako anasema imekuja haikai. Uliagiza kwa jina la trekta, sivyo? Jina hilo la 35 limebeba injini zaidi ya moja. Dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya kampuni ya Standard ya silinda nne, ile 23C. Ya kampuni ya Perkins, ya silinda tatu, ilianza kufungwa 1959. Ulipokwangua rangi nyekundu ukakuta ya dhahabu iliyoingia shaba kwenye injini na giaboksi, hiyo ndiyo ilikuwa jibu lako: ni ya mwanzo, ya 1956 au 1957, kabla haijapakwa nyekundu na kuitwa Massey Ferguson. Hesabu mabomba yanayotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye silinda. Yakiwa manne, kila kipuri cha injini kilichoandikwa Perkins hakikuhusu. Agiza kwa namba ya injini, na ukiweza peleka ile ya zamani mkononi, uzilaze moja juu ya nyingine kabla ya kulipa.

Na hiyo ya Standard inajulikana kwa kugoma asubuhi za baridi. Ndiyo maana naogopa zaidi. Mashine inayogoma humjaribu mtu, na mtu aliyejaribiwa hushika bisibisi.

Sehemu za nyuma hazitakusumbua hivyo. Kampuni za IMT ya Yugoslavia na TAFE ya India zilitengeneza trekta za ukoo huo kwa leseni, na vipuri vingi vya haidroliki na vya ekseli hufanana na vyako, ila bado pima. Beringi usizitafute kwa jina la trekta hata kidogo. Zina namba ubavuni. Ikiandikwa 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, unene 15, iwe imetoka kwenye trekta au kwenye pampu ya maji, na duka lolote la beringi linaielewa. Oil sili, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, vivyo hivyo, vipimo vimepigwa usoni pake. Bolti ni za inchi. Nati ya milimita itakudanganya mizunguko miwili, kisha itakwaruza uzi, na uzi wa kwenye bodi ya giaboksi ukiharibika utakula siku zako.

Lazima niseme pia kwamba ulivyoitenganisha trekta katikati ili ufikie klachi, ukapigilia kabari za mbao pande zote za ekseli ya mbele ili injini isilale upande, nilimwonyesha kila aliyefika hapa. Mafundi wenye umri wangu huzisahau kabari hizo. Vumbi la klachi je? Hukulipuliza kwa upepo? Sahani za klachi za zama hizo zilikuwa na asbesto. Kitambaa chenye maji, basi, ulifute nacho kisha ukitupe.

Nasikia ikikamilika utampa dereva ailimie. Hapo ndipo unanitisha. Wewe unajua kuangalia gia mara mbili. Yeye ataiga alichokuona ukifanya, bila kuangalia hata mara moja. Kwa hiyo kabla hajaipanda, stata iitike kwa funguo, mtu akiwa ameketi, mguu kwenye klachi. Kama haiitiki hivyo, trekta haijakamilika, hata rangi ing'ae namna gani. Na akifunga mashine ya kufyekea nyasi kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, aambiwe kwamba ile mashine ikishazunguka inaweza kuisukuma trekta mbele hata akikanyaga klachi. Kuna kiungo cha kuzuia hilo kinachokaa kwenye shafti, chenye kuzunguka upande mmoja tu. Kinunue kabla ya kununua taa za mbele.

Hapa nyumbani tuko salama. Mama yako amebadilishiwa miwani, sasa anasoma ujumbe wako kabla yangu na kunisimulia nusu. Tangi la maji limepasuka kwenye kiungo cha chini. Nimeliziba, ila linalia tone. Mdogo wako amechukua ngazi na hajairudisha, akikupigia simu mwambie. Spana zako za inchi zimo stoo kwenye sanduku la juu, nimezipaka mafuta. Ile ya robo tatu siioni, angalia kama uliondoka nayo. Dada yako atakuja huko mwisho wa mwezi, nitampa sanduku lote pamoja na waya mnene mpya wa betri, nimekwisha kuukata kwa urefu wa trekta yako. Mtumie picha ya swichi ya S ili nimpe na hiyo.

Baba yako