Mauaji yakipungua mjini msikimbilie kumpa mtu mmoja medali

Mhariri salaam, na poleni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nawasomea hapa hapa kwenye kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mchana jua likiwa kali wateja wamepungua. Wiki iliyopita mlitoa barua ya ndugu mmoja aliyeisifia sana New York, kwamba walikuwa wanauana hovyo, akaja meya mkali na kamanda mkali, wakabana vibaka wadogo wadogo na wanaodandia treni bila tiketi, mauaji yakaporomoka, kwa hiyo na sisi Mwanza dawa ndo hiyo hiyo, kamata kila kijana anayekaa kijiweni. Jamani. Nina vijana wawili wanaokaa kijiweni, mmoja wao anakaa pale kwa sababu ndo boda yake inapaki pale, sasa akakae wapi?

Namba zake sizikatai. Mwaka 1990 New York waliuawa watu 2,245, ikifika 2017 ni 292, na hilo ni jambo kubwa ukizingatia ule ni mji wa watu zaidi ya milioni 8. Ila ndugu yetu kuna miaka kairuka. Meya Rudy Giuliani na kamanda wake wa polisi William Bratton wameingia ofisini 1994, na mwaka wa kabla yake, 1993, mauaji yalishafika 1,946 wakati wa meya David Dinkins, ambaye watu wamemsahau na ndo aliyehangaika mpaka mji ukapata hela ya kuajiri polisi maelfu. Yani daladala limeshaanza kuteremka mlima kutoka Bugando, konda mpya kadandia njiani, likifika chini anasema mi ndo nimelisukuma.

Bratton simnyimi haki yake. Aliweka utaratibu wanaouita CompStat, makamanda wa maeneo wanaitwa kila wiki wanawekewa ramani mbele, hapa wamepigwa risasi watatu, umefanya nini? Hata hapa kwetu ningependa kuona hiyo. Lakini ile ya kusimamisha watu barabarani na kuwapekua ndo usiniambie. Mwaka 2011 walisimamisha mara zaidi ya 685,000, wengi ni weusi na Walatino, 2013 jaji akasema jinsi inavyofanyika inavunja katiba yao, na 2014 ikashuka mpaka chini ya 50,000. Wapo waliosema damu itarudi. Haikurudi, mauaji yakaendelea kushuka mpaka hiyo 292 anayoisifia yeye mwenyewe! Halafu 2020 yakapanda tena kupita 460, mwaka wa korona, na polisi walikuwepo.

Kingine, miaka ile ile ya tisini mauaji yalishuka pia Los Angeles, San Diego, mpaka Canada, kila mji na polisi wake na meya wake. Ndo maana wasomi wao wanagombana mpaka leo. Wako wanaosema soko la kreki, ile kokeini ya kuvuta, lilikufa, vijana wakaacha kupigania kona za kuuzia. Wengine wanasema jela zilijaa. Wengine wanasema ni petroli ya risasi, na hapa naomba msinielewe vibaya, risasi yenyewe ni yale madini yaliyokuwa yanawekwa kwenye mafuta, sio ya bunduki, moshi wake unaharibu ubongo wa mtoto, akikua anakuwa na hasira za karibu. Wamarekani walianza kuipunguza miaka ya sabini. Huku kwetu kusini mwa Sahara iliondolewa mwishoni mwa 2005, kwa hiyo hebu piga hesabu, watoto waliozaliwa bila kuvuta moshi ule ndo kwanza wanafika miaka 20. Mi sisemi ndo sababu, nasema hakuna kamanda atakayesimama kwenye kamera akaishukuru petroli.

Sasa nirudi Mwaloni maana huko New York sijafika.

Kabla ya uwakala nilikuwa nanunua dagaa visiwani. Mwaka 2006 nakwenda Goziba na laki nane, nimezifunga kwenye kitenge tumboni, juu yake sweta mbili ili tumbo lisionekane limevimba. Jua la saa saba, kwenye mtumbwi, sweta mbili! Wenzangu nao hivyo hivyo. Tulijiona wajanja kumbe majambazi wa ziwani walishajua siku nyingi, mwanamke mwenye sweta juani ndo mwenye hela, basi wakija na mtumbwi wao wa injini hawapekui kila mtu, wanakuja moja kwa moja kwa sweta. Siku hiyo walichukua hela zetu wakachukua na injini, na mzee mmoja aliyeng'ang'ania kifurushi chake walimkata panga la bega. Tulipiga makasia. Mpaka tunafika alishakata roho.

Mwaka 2008 ikaja M-Pesa na wenzake wakafuata. Haikuwa siku moja, watu wa visiwani walikuwa wabishi, wanataka hela ya kushika, lakini kidogo kidogo sweta zikapungua, sasa hivi dada anayenunua dagaa anapanda mtumbwi na simu yake na chapati. Ukimteka unapata simu, hela iko kwenye namba ya siri na namba ya siri iko kichwani. Jambazi naye ana hesabu zake bwana, hawezi kununua mafuta ya injini avuke maji usiku aende kuua mtu kwa ajili ya simu ya tochi. Na wizi haujaisha mtu asinidanganye, aliyekuwa anashika panga leo anakutumia meseji "ile hela tuma kwenye namba hii". Inauma lakini hukatwi. Na hatari nyingine imehamia kwangu mimi wakala ambaye nalala na kashi, ndo maana saa 12 jioni kibanda nimefunga hata uje unalia.

La pili ni hospitali, hili halisemwi kabisa. Anthony Harris na wenzake kule Marekani waliandika mwaka 2002 kwamba bila tiba ya dharura iliyokuja baada ya 1960, wao wangekuwa wanahesabu mauaji 45,000 mpaka 70,000 kwa mwaka badala ya 15,000 mpaka 20,000. Maana yake panga ni lile lile na roho mbaya ni ile ile, tofauti ni kwamba aliyekatwa hakufa, basi kesi inaandikwa kujeruhi. Kijana wa jirani yangu Igogo alichomwa chupa baa, ugomvi wa bia ambayo kila mtu anasema kalipa. Boda wakambeba mshikaki, mmoja kakaa nyuma kamkumbatia huku kamkandamiza na fulana, mbio. Kituo cha kwanza walipofika, jina silitaji, wakaambiwa nendeni polisi mkachukue PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Damu inamwagika kwenye malumalu wanaulizwa fomu! Yule boda wala hakubishana, kageuza pikipiki kapanda nayo mlima mpaka hospitali ya Bugando, kule wakampokea, fomu ikafuata baadaye. Sasa ndugu yangu wa wiki iliyopita angemkuta yule boda kijiweni angesema akamatwe.

La vikongwe nitaligusa tu maana linaniumiza. Kanda yetu hii tumeua bibi zetu kwa sababu ya macho mekundu, na bibi yangu mzaa mama kule Kwimba alikuwa nayo mekundu kweli, kwa sababu kule miti ni shida alipikia mavi ya ng'ombe makavu maisha yake yote, moshi wake ukikaa nao siku moja tu utalia. Huyo anauliwa na nani? Mpwa anayetaka shamba, akishatoka kwa mganga wa ramli chonganishi kaambiwa mchawi wako ni fulani. Yalipozidi mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Januari 2009 waziri mkuu Mizengo Pinda alisimamisha leseni za waganga wa jadi, kwa hiyo serikali yenyewe ilijua mzizi uko wapi. Doria ya kijiweni Mabatini inamsaidia nini bibi wa Kwimba anayevamiwa saa nane usiku na mtoto wa dada yake?

Na mkisikia "kiwango kimeshuka" muulize wamegawanya kwa watu wangapi. Sensa ya 2012 mkoa wa Mwanza tulikuwa 2,772,509, ya 2022 tukawa 3,699,872. Tuseme kwa mfano tu, namba ya kutunga, wauawe 200 mwaka ule na 200 mwaka huu. Ule wa kwanza ni kama 7.2 kwa kila watu laki moja, huu ni 5.4. Robo nzima imeshuka na makaburi ni yale yale, tumezaana tu. Mtu anaweza kupandishwa cheo hapo.

Polisi siwapingi, usiku nikisikia defenda inapita nalala vizuri zaidi. Ninachoomba ni kwamba kama kuna hela ya kuongeza, kabla haijaenda kwenye kukimbizana na wanaokaa vijiweni, waanze na taa za ile njia ya kushukia mwaloni, na waweke karatasi kubwa kwenye kila kituo cha afya kwamba mgonjwa anatibiwa kwanza PF3 inafuata, na hao boda wafundishwe namna ya kufunga kidonda, siku mbili tatu zinatosha, wao ndo ambulensi yetu tukubali tukatae.

Yule kijana wa Igogo anapita hapa kwangu kutoa hela karibu kila Jumamosi, ana kovu refu linalotokea kwenye kola ya shati. Boda mpaka leo hajamlipa.

Wakala wa Mwaloni,
Kirumba, Mwanza